Kondakta, Matoke na Chumvi: Ushauri wa Afya Tunaopewa Ulitoka Wapi?

Kula mboga za majani. Punguza chumvi. Tembea angalau nusu saa kwa siku. Usikae muda mrefu. Ukienda kupima presha leo, iwe hospitali kubwa ya mjini au zahanati ya kijijini, utaambiwa maneno hayo hayo. Pengine umeshayazoea kiasi kwamba yanaingia sikio hili na kutokea lile.

Leo hatutakupa orodha nyingine. Tunauliza swali la historia: haya mambo yalijulikanaje? Kuna siku ambapo hakuna daktari yeyote aliyekuwa na uhakika kwamba kutembea kunalinda moyo, au kwamba unga mweupe una shida. Ilibidi mtu akae chini, apime, ahesabu, alinganishe. Alimpima nani, na wapi?

Jibu linashangaza kidogo. Sehemu kubwa ya ushauri huo ilianzia huku kwetu: Kisii, Kampala, kando ya Ziwa Victoria, na baadaye Ziwa Eyasi na Kilimanjaro. Waliopimwa hawakuwa wanamichezo wala watu wa "dayati". Walikuwa watu wa kawaida wanaolima, wanaotembea na wanaokula kilichopo. Wengi wao hawakutajwa hata majina. Matokeo yao yaliandikwa kwenye majarida ya London, yakageuka ushauri, na ushauri ukarudi kwetu miaka mingi baadaye, wakati sisi wenyewe tumeshaanza kuacha yale mazoea yaliyopimwa.

Twende hatua kwa hatua.

1929: Hospitali ambayo haikuona presha

Katika miaka ya 1920, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison alifanya kazi South Kavirondo, magharibi mwa Kenya. Ni eneo ambalo leo tunaliita Kisii, Migori na Homa Bay. Alikuwa na kifaa cha kupimia shinikizo la damu, na akawapima watu takriban 1,000 wa eneo lile. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1929 kwenye jarida la The Lancet.

Kwa wakati ule, madaktari wa Ulaya waliamini kwamba presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka, kama vile nywele zinavyoota mvi. Ilionekana ni sheria ya maumbile. Donnison alikuta kitu kingine. Vijana wa South Kavirondo walikuwa na presha inayofanana na ya vijana wa Ulaya. Lakini baada ya miaka 40 hivi, presha ya wazee wa Ulaya ilipanda, na ya wazee wa South Kavirondo ikashuka. Alipoangalia wagonjwa takriban 1,800 waliolazwa hospitalini kwake katika miaka 2, hakuona hata mmoja aliyegundulika kuwa na presha ya juu.

Hapa lazima tuwe makini, maana ni rahisi kusema "zamani watu walikuwa na afya, basi!" Presha ya juu haina maumivu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa nayo na asiende hospitali. Halafu watu wale wale walisumbuliwa na malaria, minyoo na magonjwa ya kuhara, na watoto wengi walikufa kabla ya kukua. Zamani haikuwa peponi. Lakini vipimo vya wale watu 1,000 vilibaki pale kwenye karatasi, na vilikuwa na maana moja kubwa: kupanda kwa presha uzeeni si lazima kwa kila binadamu. Kuna kitu katika maisha kinachoisukuma.

Donnison mwenyewe alidhani kitu hicho ni msongo wa maisha ya kisasa. Chumvi, uzito na chakula vingekuja kuchunguzwa baadaye. Kwa kulinganisha tu: utafiti wa kitaifa uliofanyika Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Karibu mtu 1 katika kila 4, kwenye nchi ile ile.

1953: Dereva na kondakta wake

Sasa tuvuke kwenda London, kwa sababu upande wa mazoezi ulianzia huko, na ulianzia ndani ya basi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ugonjwa wa moyo ulikuwa unaua wanaume wengi Uingereza, na hakuna aliyejua sababu. Jerry Morris, daktari aliyekulia Glasgow katika familia isiyo na fedha nyingi, aliamua kuangalia kazi za watu. Je, kuna kazi zinazoua zaidi kuliko nyingine? Alichukua takwimu za wafanyakazi wa usafiri wa London, wanaume takriban 31,000 wa miaka 35 hadi 64.

Mabasi ya London ni ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva na kondakta. Wawili hawa wana mengi yanayofanana. Wanatoka mitaa ile ile, wanalipwa na mwajiri yule yule, wanavuta moshi ule ule na wanapita barabara zile zile. Tofauti kubwa ni moja. Dereva anakaa karibu asilimia 90 ya zamu yake. Kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi siku nzima akikata tiketi, ngazi 500 hadi 750 kwa zamu moja.

Makondakta walipata ugonjwa wa moyo mara chache zaidi kuliko madereva. Walipoupata, uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi, na hawakufa ghafla kwa kiwango kile cha madereva.

Morris hakukimbilia kutangaza. Alijua watamwambia: labda ni msongo wa kuendesha gari kwenye foleni. Kwa hiyo akaenda posta. Akalinganisha watarishi wanaotembea na kuendesha baiskeli wakigawa barua, na wenzao wanaokaa ofisini au kwenye simu. Picha ikawa ile ile. Ndipo mwaka 1953 The Lancet ikachapisha matokeo.

Bado kulikuwa na swali: labda watu wanene ndio walichagua udereva? Mwaka 1956 timu yake ilikuja na njia ya kuchekesha kidogo, lakini yenye akili. Walichukua rekodi za sare. Kampuni ilikuwa inawashonea wafanyakazi suruali, na vipimo vya kiuno vipo kwenye daftari. Ni kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini hata walipolinganisha kondakta mnene na dereva mnene, kondakta mwembamba na dereva mwembamba, kondakta bado alikuwa na nafuu ya kifo cha ghafla. Yaani zile ngazi zilikuwa zinafanya kazi yake bila kujali kipimo cha suruali.

Shikilia jambo hilo, tutalirudia tukifika Ziwa Eyasi.

Kuna jingine hapa. Yule kondakta hakuwa "anafanya mazoezi". Hakuamka saa 11 alfajiri kwenda kukimbia. Alikuwa kazini, na ngazi zilikuwa ndani ya kazi. Morris aliona mapema kwamba kazi za namna hiyo zinakwisha. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 akageukia watumishi wa serikali wa ngazi ya kati, wanaume karibu 17,000 wanaokaa ofisini. Jumatatu asubuhi, bila taarifa, waliombwa waandike walichofanya Ijumaa na Jumamosi iliyopita. Waliokuwa na mazoea ya kufanya kitu cha nguvu wakati wa mapumziko, kama kuogelea au kulima bustani kwa jasho, walipata ugonjwa wa moyo mara chache zaidi. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1973. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Na zile hatua 10,000?

Ukiwa na simu inayohesabu hatua, bila shaka umeiona namba hii. Wengi wanadhani ilitoka maabara. Kumbe ilitoka Japani, kwa wafanyabiashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilianza kuuza kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani "kipimo cha hatua 10,000". Namba ilikuwa nzuri kutamka na rahisi kukumbuka, basi ikashika.

Utafiti ulikuja nyuma yake. Mwaka 2019, timu ya I-Min Lee wa Harvard ilitoa matokeo ya wanawake 16,741 wa Marekani, wastani wa miaka 72. Waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 41 kuliko wale wa hatua 2,700 hivi. Faida iliendelea kupanda hadi kama hatua 7,500, kisha ikatulia. Hawa walikuwa wanawake wa umri mkubwa, kwa hiyo kijana asijipimie moja kwa moja. Ila kama unafika 5,000 na kila jioni simu inakuambia umeshindwa, usiivunje. Kutoka 2,700 kwenda 4,400 ndiko kulikoleta tofauti kubwa.

Mulago: Madaktari waliochungulia choo

Turudi Afrika Mashariki, upande wa sahani.

Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, mwaka ule ule wa ripoti ya Donnison, na baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Anakumbukwa zaidi kwa kazi yake ya kwashakoo, ule utapiamlo wa watoto. Lakini kwa karibu miaka 30 alikuwa pia anaandika kumbukumbu ya magonjwa asiyoyaona. Wagonjwa wa moyo wa aina aliyofundishwa Uingereza hawakufika wodini. Mwaka 1956, yeye na mwenzake walichapisha kwenye jarida la madaktari wa Afrika Mashariki taarifa ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Fikiria: mgonjwa 1 wa moyo alitosha kuwa habari ya kuchapishwa.

Mwenzake wa baadaye alikuwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland ambaye alipoteza jicho moja utotoni. Burkitt alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha Mulago. Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na saratani ya taya ya watoto ambayo mpaka leo ina jina lake. Ili kuichora kwenye ramani, mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari lililotumika sana, takriban kilomita 16,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine Afrika Mashariki na Kati wakiuliza: mmeona uvimbe huu? Kwa njia hiyo akajenga mtandao wa madaktari wa hospitali za vijijini, nyingi zikiwa za misheni.

Mtandao ule ukaja kufaa kwa kazi nyingine. Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka 1967, huko London, akakutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini aliyeamini kwamba sukari na unga mweupe ndivyo chanzo cha magonjwa mengi ya Wazungu. Burkitt akakumbuka Kampala. Kama daktari mpasuaji, Uingereza angekuwa anakata kidole tumbo kila wiki. Mulago ilikuwa nadra. Mawe ya nyongo, nadra. Bawasiri, nadra. Saratani ya utumbo mpana, nadra. Akaandikia mtandao wake wa zamani, na majibu yakawa yale yale.

Watu hawa wanakula nini? Matoke, viazi vitamu, mtama, ulezi, mahindi, maharage, mboga za majani. Cleave alisisitiza sukari iliyoongezwa. Burkitt na Trowell wakatazama kilichoondolewa: makapi. Hapa historia ya kinu inahusika. Kuanzia miaka ya 1870 na 1880, viwanda vya Ulaya na Marekani viliingia kwenye vinu vya rola za chuma vinavyotenganisha vizuri sana ganda, kiini na wanga. Mkate mweupe, ambao awali ulikuwa wa matajiri, ukawa wa kila mtu. Ganda likaenda kwa mifugo.

Sasa unapimaje jambo kama hili? Burkitt, Neil Painter na Alec Walker wa Afrika Kusini waliamua kupima choo. Ndiyo, choo. Watu walimeza vidonge vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, halafu kila kinyesi kikawekwa kwenye mfuko, kikapimwa uzito na kupigwa picha kuona vidonge vimetoka lini. Walihusisha watu takriban 1,200. Mwaka 1972 walichapisha:

- Wanamaji wa Uingereza na wake zao: chakula kilichukua takriban saa 83 kupita mwilini, na kinyesi kilikuwa gramu 104 kwa siku.
- Wanakijiji wa Uganda: takriban saa 36, na gramu 470 kwa siku.

Zaidi ya mara 4 kwa uzito, na chini ya nusu ya muda. Burkitt alikuwa anazunguka akionyesha picha za kinyesi kwenye mihadhara, na wasikilizaji walicheka, lakini hawakusahau.

Makapi, au nyuzinyuzi, hufanyaje kazi? Utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga. Zinavuta maji, choo kinakuwa laini na kingi. Zinachelewesha sukari kuingia kwenye damu, kwa hiyo haipandi ghafla. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo wanazichachusha na kutoa asidi ndogondogo ambazo ndizo chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Kwa hiyo ukila maharage unalisha wengi.

Je, Burkitt alikuwa sahihi kwa kila kitu? Hapana, na hili ni muhimu. Alilinganisha jamii nzima na jamii nzima, na jamii mbili zinatofautiana kwa mambo mia, si makapi tu. Mwaka 2000 jaribio la Marekani lenye watu zaidi ya 2,000 lilikuta kwamba kuongeza nyuzinyuzi na kupunguza mafuta kwa miaka 4 hivi hakukupunguza vinyama vya utumbo mpana kurudi. Mwaka 2003 utafiti wa Ulaya wenye watu zaidi ya 500,000 ukaonyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanapata saratani hiyo kwa uchache. Mabishano yaliendelea. Mwaka 2019, uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba wanaokula gramu 25 hadi 29 kwa siku wana hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo, kisukari, saratani ya utumbo mpana na kifo cha mapema kwa ujumla. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 kwa mtu mzima. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa zaidi ya gramu 10.

Kutoka Nyanza mpaka Nairobi

Tatizo la kulinganisha London na Kampala ni lile tulilosema: mambo mia yanatofautiana, pamoja na kurithi. Ingekuwa vizuri kumfuata mtu yule yule anapohama.

Ndivyo ilivyofanyika katika miaka ya 1980. Watafiti wa Kenya na Uingereza walikwenda kwa Wajaluo wa vijijini kaskazini mwa ghuba ya Ziwa Victoria. Wakawafuata vijana 325 waliohamia Nairobi kutafuta maisha, na wengine 267 waliobaki kijijini. Wakawapima mara kwa mara, kuanzia mwezi wa kwanza hadi miezi 24. Matokeo yalitoka mwaka 1990.

Presha za waliohamia zilikuwa juu kuliko za waliobaki, na tofauti ilianza kuonekana katika miezi ya mwanzo kabisa. Uzito wao ulikuwa umeongezeka. Mkojo wao ulionyesha sodiamu zaidi na potasiamu kidogo, maana yake chumvi imeongezeka, na matunda, mboga na viazi vimepungua. Mapigo ya moyo nayo yalikuwa ya kasi zaidi, kwa hiyo pengine Donnison na msongo wake hakukosea kabisa.

Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni mtaa, sahani na mwendo wa siku. Na ilichukua miezi tu.

Lakini mbona Wamaasai?

Swali hili huwa haliachi kuulizwa: kama chakula ndiyo hoja, mbona Wamaasai walikuwa wanaishi kwa maziwa na nyama na mioyo yao ilikuwa safi? George Mann na timu ya Marekani waliwapima wanaume 400 Wamaasai wa Tanganyika, wakachapisha mwaka 1964: kolesteroli yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo karibu hazipo. Lakini mwaka 1972 Mann alichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 waliofariki. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani. Kilichowaokoa, alivyoona yeye, ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu inapita. Alihusisha upana huo na kutembea kwao. Kwa hiyo mtu anayechoma nyama kila wikendi na kwenda kila mahali kwa bodaboda asijifananishe na morani. Amechukua nusu tu ya maisha yake.

Miguu basi inafanya nini hasa? Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya Wahadza 30 wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kulina asali. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Kwa kutumia maji maalumu ya kupimia nishati, waliangalia mwili mzima unatumia nguvu kiasi gani kwa siku. Kila mtu alitegemea Wahadza wawe juu sana. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, walitumia nishati sawasawa na mtu wa Marekani au Ulaya anayekaa ofisini!

Inaonekana mwili una bajeti. Ukitumia nyingi kwa kutembea, unabana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo unene unategemea zaidi sufuria kuliko kilomita. Na hapo ndipo tunamkumbuka yule kondakta wa London: ngazi zilimlinda moyo hata alipokuwa na kiuno kipana. Usiache kutembea kwa sababu mizani haijashuka. Mizani si kipimo cha kazi ya miguu.

Na kuna dokezo moja la Wahadza linalofaa wanafunzi. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba nao wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mjini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo wanachuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kiti kinaizima.

2025: Kilimanjaro, wiki 2

Tumalizie na jaribio la karibuni, lililofanywa na watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi, likachapishwa kwenye Nature Medicine mwaka 2025. Wanaume 77 wenye afya wa kaskazini mwa Tanzania walishiriki. Waliozoea chakula cha kijijini cha Kilimanjaro walipewa kwa wiki 2 chakula cha mtindo wa kizungu, chenye vitu vya kusindikwa na kukaangwa. Wa mjini waliozoea chakula hicho wakapewa ndizi, mtama, kunde, mizizi na mboga. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki 1.

Waliohamia chakula cha mjini walionyesha kwenye damu dalili kwamba kinga ya mwili imechochewa kama vile kuna adui ndani, na wakati huo huo seli zake zikapambana na vijidudu kwa udhaifu zaidi. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata wale wa mbege, walionyesha kinyume: uchochezi ulipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Ni wanaume tu, ni wachache, na ni wiki 2. (Na kabla hujakimbilia kilabuni: mbege ni pombe, na kilichopimwa ni wiki 1 ya kiasi kilichopangwa.) Lakini tangu Donnison, hii ni mara ya kwanza katika simulizi yetu ambapo sahani yenyewe ndiyo imebadilishwa kwa makusudi, kwa watu wa hapa hapa, na sehemu kubwa ya watafiti wakiwa wa hapa hapa.

Sasa tufanye nini?

Ukiipanga historia hii yote mstari mmoja, unaona kitu: hakuna hata mmoja kati ya waliopimwa wakaonekana na afya aliyekuwa anajitahidi kuwa na afya. Ngazi zilikuwa kazini. Makapi yalikuwa kwenye unga kwa sababu kinu cha kijiji hakikuyatoa. Chumvi ilikuwa kidogo kwa sababu ilinunuliwa kwa fedha. Maisha yaliwabebea mzigo huo. Sisi mjini tumeondolewa ngazi, tumeletewa sembe, soda na chipsi kila kona, kisha tunaambiwa tuwe na nidhamu. Nidhamu ya kila siku inachosha, ndiyo maana maazimio ya Januari yanakufa Februari.

Kwa hiyo njia inayoelekea kudumu ni kurudisha mazoea ndani ya mambo ambayo ungefanya hata hivyo:

- Badilisha unga, usibadilishe ugali. Dona badala ya sembe, au changanya nusu kwa nusu. Hakikisha mahindi yamekauka vizuri na hayana ukungu kwa sababu ya sumukuvu, na usihifadhi dona muda mrefu, maana mafuta ya kiini yanachacha.
- Kunde kila siku. Maharage, choroko, dengu, mbaazi. Kande ni chakula kamili, si cha shuleni tu.
- Chumvi ipikiwe, isiwekwe mezani. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hapo humo kuna chumvi ya mkate, ya chipsi na ya kiungo cha supu.
- Shuka kituo kimoja kabla. Ukitembea dakika 15 kwenda na 15 kurudi, siku 5 kwa wiki, umefikisha dakika 150 zinazopendekezwa, na hujalipa gym.
- Simama, chuchumaa, panda ngazi. Ukisoma saa 3 mfululizo, kila nusu saa nyanyuka.

Tukubali pia kwamba si yote yako mikononi mwako. Huwezi kushuka kituo kimoja kabla kama barabara haina njia ya waenda kwa miguu na magari yanakupita sentimita chache. Mtoto hawezi kuchagua kande kama shule inauza soda na maandazi tu getini. Kwenye mikutano ya mtaa na kamati za shule, hayo nayo ni mambo ya afya, na yanafaa kusemwa kwa takwimu mkononi. Na takwimu hizo, kama umefuatana nasi mpaka hapa, zilitoka kwenye miili ya babu na bibi zetu.